UZI: Tetesi za dirisha la kubadilishana wachezaji la MLB (ligi kuu ya besiboli ya Marekani) 2025 – nani amfuate nani, na kwa bei gani

RunguKavu (mwanzisha uzi) · 27 Julai 2025

Wakuu, zimebaki siku nne. Dirisha linafungwa Alhamisi 31 Julai saa 12 jioni kwa saa za New York, ambayo kwetu Afrika Mashariki ni saa 7 usiku wa kuamkia Ijumaa. Tuweke mambo yote hapa badala ya kufungua nyuzi kumi.

Kwa waliozoea tetesi za Simba na Yanga: besiboli haina ada ya uhamisho. Klabu inatoa wachezaji na kupokea wachezaji, na mkataba unahama na mtu wake kama ulivyo. Mchezaji haulizwi kama anataka, labda awe na kipengele cha kukataa kwenye mkataba, au awe ametimiza miaka 10 ligi kuu na 5 ya mwisho iwe kwa klabu hiyohiyo. Saa ikishapita, yeyote aliyeingia kwenye orodha ya watu 40 (kikosi kikubwa cha klabu) msimu huu habadilishwi tena hadi msimu uishe. Zamani kulikuwa na mlango wa nyuma wa Agosti, na Justin Verlander alipita humo kwenda Houston 2017 dakika za mwisho kabisa. Tangu 2019 mlango huo umefungwa.

Sasa bei. Msimu huu una siku 186, na kuanzia 31 Julai hadi 28 Septemba ni siku 60. Klabu inayopokea inalipa 60 kwa 186 ya mshahara wa mwaka, chini kidogo ya theluthi. Eugenio Suárez wa Arizona analipwa dola milioni 15, kwa hiyo kilichobaki ni kama milioni 4.8. Hiyo si pesa kwa klabu ya MLB. Gharama halisi ni chipukizi unaowatoa, na idadi yao inategemea zaidi miaka ya udhibiti. Mchezaji hawi huru hadi afikishe miaka 6 ya utumishi (siku 172 zinahesabiwa mwaka mzima), na mshahara wake katika miaka hiyo uko chini ya soko. Ndiyo maana Mason Miller wa Athletics, ambaye yuko chini ya udhibiti hadi 2029, hawezi kuwekwa meza moja na Ryan Helsley wa St. Louis ambaye mkataba unakwisha baada ya msimu huu, hata kama wote wawili ni wamaliziaji, warushaji wa kufunga mechi awamu ya tisa.

Msimamo wangu: mwaka huu klabu zinazogombea zinunue warushaji wa akiba (wanaoingia mechi ikiwa imeshaanza) wenye miaka ya udhibiti, na wapigaji wa kukodi (waliobakiza msimu huu tu) wachukuliwe kwa chipukizi wa daraja la pili tu. Warushaji wa kuanza waliopo sokoni hawana thamani ya bei inayotajwa.

Nianze na Seattle. Wameshamchukua Josh Naylor tarehe 24 kwa warushaji chipukizi wawili, Brandyn Garcia na Ashton Izzi. Hiyo ni bei ya haki kwa mtu wa miezi miwili. Waendelee palepale Arizona wamchukue Suárez. Beisi ya tatu wanaye Ben Williamson, anadaka vizuri sana lakini rungu lake halina nguvu kabisa. Ila wasimguse Colt Emerson wala Lazaro Montes. Na wanaoandika kwamba Seattle wamtoe Kade Anderson, wasome kanuni kwanza: mchezaji aliyechaguliwa kwenye drafti (uchaguzi wa vijana wapya) ya mwezi huu habadilishwi hadi World Series (fainali) iishe.

Yankees wameshamaliza suala la beisi ya tatu kwa Ryan McMahon kutoka Colorado, ambaye bado ana milioni 16 za 2026 na 16 za 2027. Wao shida imebaki kwa warushaji wa akiba, na sasa mpigaji wao mkuu Aaron Judge yuko kwenye orodha ya majeruhi kwa kiwiko.

Phillies: Jhoan Duran wa Minnesota, wasiangalie pembeni. Udhibiti hadi 2027.

Mets: watajuta wakinunua wamaliziaji wakaacha warushaji wa kuanza. Ukimtoa David Peterson, hakuna anayewafikisha awamu ya sita kwa uhakika.

Karibuni mnipinge.

---

Awamu9 · 27 Julai 2025

Mkuu RunguKavu, heshima yako, ila hapo kwa Suárez umeruka kitu. Seattle walikuwa naye 2022 na 2023, wakamtoa wenyewe Novemba 2023. Sababu ilijulikana: 2023 alitolewa kwa straiki, bila kuuweka mpira uwanjani, mara 214. Uwanja wa Seattle ndio mgumu kuliko wote kwa wapigaji, hewa ya baharini ni nzito na ya baridi, na mpigaji haoni mpira vizuri pale. Mtu wa miaka 34 anayepiga homurani (mipira inayotoka nje ya uwanja) za Phoenix ukimpeleka pale, wastani wake utaporomoka. Mimi ningechukua mpigaji anayegusa mpira hata kama nguvu ni ndogo.

---

RunguKavu · 27 Julai 2025

Wastani utashuka, sina ubishi. Lakini usimlinganishe na Suárez wa Arizona, mlinganishe na anayemwondoa kwenye kikosi. Timu ikiwa na Cal Raleigh mwenye homurani 38 kabla ya mapumziko ya Julai, kila mrushaji anamkwepa anampa beisi ya bure. Unahitaji mtu nyuma yake ambaye kosa moja la mrushaji analilipiza. Kwenye mchujo (mechi za mtoano za Oktoba) warushaji unaokutana nao ni wazuri mno kutegemea kuunganisha mapigo manne mfululizo. Mikimbio inapatikana kwa mpira mmoja kutoka nje ya uwanja.

---

MzeeWaTakwimu · 28 Julai 2025

Niongeze upande wa warushaji wa akiba maana ndiko pesa za watu zinakopotelea.

Mrushaji wa akiba akihamia klabu mpya 31 Julai atarusha kama awamu 20 hadi 25 kabla msimu haujaisha. Kwa sampuli ndogo hivyo, wastani wa mikimbio anayoruhusu (ERA) ni kelele tupu. Mechi mbili mbaya zinaupandisha kutoka 2 hadi 5. Kwa hiyo usinunue kwa kuangalia ERA. Mimi huangalia vitu hivi, kwa mpangilio huu.

Cha kwanza ni kasi ya mwezi wa mwisho dhidi ya kasi ya Aprili. Akiwa ameshuka maili moja na nusu kwa saa, uliza kuhusu bega na kiwiko kabla ya kuuliza bei.

Cha pili, kati ya mara ambazo wapigaji wanazungusha rungu, wanakosa mara ngapi. Hii inatulia haraka kuliko takwimu nyingine. Halafu nakata beisi za bure kutoka kwenye straiki: anayetoa watu asilimia 30 kwa straiki lakini anagawa beisi asilimia 14 atakuua Oktoba, kwa sababu wapigaji wa mchujo hawazungushi ovyo.

Kingine kinachosahaulika ni matumizi. Amerusha siku mbili mfululizo mara ngapi? Amewahi kuingia awamu ya saba akiwa na watu beisini, au amezoea kuanza awamu ya tisa ikiwa safi? Kuna wamaliziaji wanaopotea wakipewa kazi ya awamu ya saba. Na tangu 2020 kila anayeingia lazima akabiliane na wapigaji watatu au awamu iishe, kwa hiyo yule mtaalamu wa mkono wa kushoto wa kumtoa mtu mmoja hana soko tena. Mtu akikwambia klabu yake "inahitaji mkono wa kushoto", muulize huyo wa kushoto anawafanyaje wapigaji wa kulia.

Mwisho, angalia kama ana ruhusa ya kurudishwa ligi ndogo. Kikosi ni watu 26, warushaji wasizidi 13. Mwezi Septemba kikosi ni watu 28, warushaji 14. Ukinunua watatu wasio na ruhusa hiyo, lazima uwaachie watatu wengine, na mara nyingi unaowaachia wanaokotwa na mpinzani wako.

---

Lugazi12 · 28 Julai 2025

Wakubwa, naomba kuuliza kutoka Uganda. Pirates wa Pittsburgh wana kijana wetu David Matoma kwenye ligi ndogo, anarusha moto. Anaweza kuingizwa kwenye dili wiki hii?

---

MzeeWaTakwimu · 28 Julai 2025

Ndugu, inawezekana kikanuni lakini haina mantiki. Pirates mwaka huu ni wauzaji. Muuzaji anapokea chipukizi, hatoi. Wenye kutoa ni Padres, Phillies, Mets, Mariners (yaani Seattle), Yankees.

Ila kuna kanuni ya kumfuatilia: aliyesainiwa akiwa na miaka 18 au chini, baada ya misimu mitano klabu lazima imwingize kwenye orodha ya watu 40, vinginevyo klabu nyingine inaweza kumchukua Desemba kwenye drafti ya Kanuni ya 5. Aliyesainiwa akiwa 19 na kuendelea ni misimu minne. Hiyo ndiyo inayosukuma biashara nyingi za Julai kimyakimya. Klabu yenye vijana sita wanaohitaji nafasi Novemba na ina nafasi tatu tu, inawatoa watatu sasa ipate chochote. Wauzaji werevu wanajua nani amebanwa na wanawasubiri hao.

---

Bleachers_Nai · 28 Julai 2025

Wazee, mmeona? Emmanuel Clase wa Cleveland amewekwa likizo ya malipo wakati ligi inachunguza masuala ya kamari. Soko la wamaliziaji limepungua mmoja mkubwa. Si bei ya Duran na Miller inapaa usiku huu?

---

RunguKavu · 28 Julai 2025

Inapaa. Na kumbukeni tangu 2022 timu zinazoingia mchujo ni 12, sita kila ligi. Maana yake timu ikiwa nyuma kwa mechi nne bado inajiona ina nafasi, haiuzi. Wauzaji wachache, wanunuzi wengi. Minnesota wakiamua kufungua duka kweli, wao peke yao wana Duran, Griffin Jax, Louis Varland, Danny Coulombe na Brock Stewart. Hakuna klabu nyingine yenye rafu ya namna hiyo.

Kuhusu Miller, msiniletee dili za vijana watatu wa kati. Udhibiti hadi 2029, kasi inafika maili 104. Padres wakipiga simu bila Leo De Vries, haitapokelewa. Swali ni kama shotistopu (mlinzi kati ya beisi ya pili na ya tatu) wa miaka 18 aliye miongoni mwa chipukizi bora kabisa wa besiboli nzima anatolewa kwa mtu anayerusha awamu moja.

---

Awamu9 · 29 Julai 2025

Jibu ni hapana. Tuna mifano. Cubs 2016 walimtoa Gleyber Torres na wenzake watatu kwa miezi michache ya Aroldis Chapman. Walichukua ubingwa wa kwanza tangu 1908, sawa, lakini Chapman huyohuyo alipigwa homurani ya kusawazisha na Rajai Davis awamu ya nane ya mechi ya saba. Pirates 2018 walitoa Tyler Glasnow, Austin Meadows na Shane Baz kwa Chris Archer, na hadi leo mashabiki wa Pittsburgh hawataki kulisikia jina hilo. White Sox 2016 walimtoa Fernando Tatis Jr. akiwa na miaka 17 kwa James Shields. Kijana wa miaka 17 au 18 hujui atakuwa nani, na hiyo ndiyo sababu ya kutomtoa.

---

MzeeWaTakwimu · 29 Julai 2025

Mifano yako ni ya kweli ila umechagua ya upande mmoja. Brewers wa Milwaukee 2022 walikuwa wanaongoza kundi lao, wakamuuza Josh Hader kwa Padres kwa hesabu nzuri ya kitabuni: Taylor Rogers, Dinelson Lamet, Robert Gasser na Esteury Ruiz. Lamet walimwondoa kwenye orodha siku chache baadaye bila kumtumia. Chumba cha wachezaji kikapoa, wakakosa mchujo. Baadaye Ruiz aliwapatia William Contreras kwenye dili la klabu tatu, kwa hiyo kwa miaka walishinda biashara, kwa msimu ule waliupoteza.

Na Washington walipomuuza Juan Soto mwaka huohuo walipata C.J. Abrams, MacKenzie Gore, James Wood, Robert Hassell III, Jarlin Susana na Luke Voit. Awali aliyetakiwa kwenye nafasi ya Voit ni Eric Hosmer, akatumia haki yake ya kukataa, ikabidi apelekwe Boston. Kipengele kimoja cha mkataba nusura kivunje dili kubwa kuliko zote za miaka hiyo.

---

Bleachers_Nai · 29 Julai 2025

Kwani dili huvunjika vipi wakati mwandishi ameshatangaza? Naona kila mwaka kuna moja inatangazwa halafu inayeyuka.

---

MzeeWaTakwimu · 29 Julai 2025

Mara nyingi ni faili la daktari. Klabu zikikubaliana majina, kila upande unafunguliwa rekodi za matibabu za wale unaowapokea: picha za kiwiko, bega, nyonga, sindano alizochomwa. Madaktari wanasoma kwa haraka maana saa inakimbia. Wakiona doa, kuna njia tatu: kufuta, kubadilisha jina moja, au kupunguza bei. Mets 2015 walikuwa wamekubaliana na Milwaukee juu ya Carlos Gómez. Wilmer Flores, aliyekuwa anaondoka, alionekana uwanjani akilia, halafu dili likafutwa kwa hofu ya nyonga ya Gómez. Siku moja baadaye Gómez alikwenda Houston, na kati ya vijana waliotolewa alikuwamo Josh Hader.

Kwa hiyo dili la saa moja kabla ya kufungwa ni la hatari kuliko la siku tatu kabla. Anayenunua majeruhi anayerudi, mfano Shane Bieber ambaye alifanyiwa upasuaji wa kiwiko Aprili 2024 na hajarusha ligi kuu mwaka huu, anatakiwa aanze kusoma faili sasa hivi.

Kingine ni kodi ya anasa, inayotozwa klabu ambayo mishahara yake inapita kiwango. Kiwango cha 2025 ni milioni 241. Klabu iliyovuka milioni 301 na inavuka kiwango kwa mwaka wa tatu au zaidi mfululizo inatozwa asilimia 110 ya kila dola inayoongezeka. Mets, Dodgers, Yankees na Phillies wote wako huko. Chukua Helsley, mshahara wake ni milioni 8.2. Siku 60 ni kama milioni 2.65. Kwa Mets ongeza kodi milioni 2.9, jumla inapita 5.5. Ndiyo maana klabu tajiri inaomba muuzaji alipe mshahara, na muuzaji anajibu: sawa, niongezee kijana mmoja.

---

RunguKavu · 29 Julai 2025

Bieber nimemsahau kwenye orodha, Toronto wangemfaa. Ana hiari ya milioni 16 kwa 2026, au achukue milioni 4 na kuondoka. Anayemchukua ananunua nafasi ya mechi saba au nane za kuanza, basi.

Kwa warushaji wa kuanza wengine: Merrill Kelly wa Arizona ndiye pekee ningemnunua kama wa kukodi. Sandy Alcantara wa Miami, jina kubwa, mwaka wa kwanza tangu upasuaji wa kiwiko, na ERA yake ilikuwa zaidi ya 7 kufikia mapumziko ya Julai. Miami wanaomba bei ya Alcantara wa 2022. Mitch Keller ana mkataba hadi 2028, Pirates hawana haraka. Hao wawili nadhani hawatoki.

Kingine, hivi mnajua leo Seranthony Domínguez amehamishwa Toronto kutoka Baltimore katikati ya mechi mbili za siku moja zinazozikutanisha klabu hizohizo? Alitoka upande mmoja wa uwanja akaenda upande wa pili.

---

Minneapolis_Bongo · 31 Julai 2025

Asubuhi hii kwenu mkiamka mtakuta: Duran kaenda Phillies kwa Mick Abel na Eduardo Tait. Suárez kaenda Seattle kwa Tyler Locklear, Juan Burgos na Hunter Cranton. Hakuna Emerson, hakuna Montes.

---

Awamu9 · 31 Julai 2025

Hiyo ya Suárez siwezi kulalamika, bei ni ndogo kuliko nilivyodhani. Locklear anacheza beisi ya kwanza, na Naylor ameshaikalia.

Tait ndiye atakayewauma Phillies, kama atakuwa. Mdakaji wa miaka 18 mwenye nguvu za rungu haokotwi njiani. Ila kwa Duran hadi 2027 ni haki.

---

Minneapolis_Bongo · 1 Agosti 2025

Wadau, dirisha limefungwa. Kwetu Minnesota limebaki jengo na taa. Carlos Correa karudi Houston, na klabu imewapa milioni 33 za kumsindikiza. Ana haki ya kukataa na aliikubali Houston tu, kwa hiyo hapakuwa na mnada. Isaac Paredes ana jeraha la msuli wa paja, Jeremy Peña ndiye shotistopu, kwa hiyo Correa atacheza beisi ya tatu. Jax kaenda Tampa Bay kwa Taj Bradley. Varland na Ty France wamekwenda Toronto kwa Alan Roden na Kendry Rojas. Stewart Dodgers, Coulombe Texas, Harrison Bader Phillies, Willi Castro Cubs, Chris Paddack Detroit. Nimeacha kuhesabu.

La Varland ndilo lisiloeleweka. Alikuwa na miaka mingi ya udhibiti na ni mzaliwa wa hapahapa Minnesota.

---

MzeeWaTakwimu · 1 Agosti 2025

Linaeleweka ukiliangalia kwa jicho la muuzaji. Mrushaji wa akiba thamani yake huwa juu pale anapokuwa na afya na miaka. Ukisubiri mwaka, kiwiko kinaweza kukupa jibu lingine. Bradley na Abel ni warushaji wa kuanza, na Minnesota wamebadilisha awamu 60 kwa mwaka kwa uwezekano wa awamu 160. Kama hawana nia ya kugombea 2026, ni sahihi. Kama wanayo, wataingia Aprili bila mtu wa kufunga mechi.

Padres wamefanya kile Awamu9 alichokikataa: De Vries, Braden Nett, Henry Báez na Eduarniel Núñez kwa Miller pamoja na JP Sears. Sears ni sehemu muhimu inayosahaulika, mrushaji wa kuanza mwenye udhibiti. Bado ni nyingi.

---

RunguKavu · 1 Agosti 2025

Mets nilivyohofia: Gregory Soto, Tyler Rogers, Helsley, na Cedric Mullins wa uwanja wa kati. Mrushaji wa kuanza sifuri. Kwa Rogers, anayerusha kutoka chini karibu agonge nyasi na kasi yake haifiki maili 85, wametoa José Buttó, Blade Tidwell na Drew Gilbert. Gilbert ndiye waliyempata 2023 walipomrudisha Verlander Houston. Yaani Verlander amegeuka kuwa miezi miwili ya mrushaji wa awamu ya saba, ukimtoa Ryan Clifford ambaye wamebaki naye.

Yankees: David Bednar, Camilo Doval na Jake Bird kwa mpigo. Hao wana udhibiti wa zaidi ya msimu huu, ndio ununuzi ninaousema mimi.

---

Bleachers_Nai · 3 Agosti 2025

Na anayehitaji mtu sasa afanyeje? Dodgers wamechukua Stewart na Alex Call, hakuna jina kubwa, na wana majeruhi kila kona.

---

MzeeWaTakwimu · 3 Agosti 2025

Njia zimebaki chache. Unaweza kudai mchezaji aliyewekwa kwenye orodha ya kuachiwa. Anayepewa kipaumbele ni mwenye rekodi mbovu kuliko wengine, kwa hiyo klabu ya juu inapata masalia. Unaweza kumsaini aliyevunjiwa mkataba. Unaweza kubadilishana mchezaji wa ligi ndogo ambaye hajawa kwenye orodha ya watu 40 msimu huu. Na tarehe ya kukumbuka ni 31 Agosti, maana ambaye hayumo ndani ya klabu siku hiyo haruhusiwi kucheza mchujo.

Angels walitupa somo 2023. Walimnunua Lucas Giolito na Reynaldo López Julai, timu ikaanguka, mwisho wa Agosti wakawaweka wote wawili sokoni bure ili wakwepe kodi. Cleveland wakawachukua, pamoja na Matt Moore. Kwa hiyo fuatilieni wanaoanguka wiki tatu zijazo.

---

Awamu9 · 4 Novemba 2025

Nafufua uzi. World Series imeisha, Dodgers bingwa kwa mechi saba, na hawakununua kitu cha maana Julai. Stewart wao aliumia bega mapema akapotea. Mets walikuwa na ushindi 45 na vipigo 24 kufikia katikati ya Juni, wakamaliza 83-79 nje ya mchujo. Helsley ERA ya 7.20 akiwa nao, na mwenyewe alieleza kwamba wapigaji walikuwa wanausoma mpira wake kabla haujatoka mkononi. Padres walitolewa na Cubs raundi ya kwanza ya mechi tatu, De Vries ameondoka. Phillies walitolewa na Dodgers. Mnunuzi bora ni yupi hapo?

---

RunguKavu · 4 Novemba 2025

Toronto. Bieber kwa Khal Stephen peke yake, akaishinda mechi ya nne ya fainali dhidi ya Shohei Ohtani wa Dodgers. Ni kweli homurani ya Will Smith awamu ya 11 ya mechi ya saba ilitoka kwake, lakini bila yeye hakuna mechi ya saba. Varland alicheza mechi 15 za mchujo, rekodi ya mrushaji kwa mchujo mmoja. Minneapolis_Bongo pole, najua unaisoma hii.

Wa pili ni Seattle. Suárez alipiga wastani wa .189 kwao msimu wa kawaida, Awamu9 ulilisema. Halafu mechi ya tano dhidi ya Toronto, awamu ya nane, beisi zote zimejaa, akaupeleka mpira nje. Walikosa World Series kwa mechi moja, na Emerson yupo, Montes yupo, Anderson yupo.

Detroit nao wapewe chao kidogo. Walimchukua Kyle Finnegan wa Washington, mtu wa kukodi ambaye hakuna aliyemtaja humu, wakamwambia arushe zaidi splita (mpira unaozama ghafla) na kupunguza mpira wa kasi, akawa hashikiki. Walichomwaga ni uongozi wao wa mechi 15 na nusu dhidi ya Cleveland, na hilo halikuwa kosa lake.

---

Lugazi12 · 20 Novemba 2025

Naylor amesaini tena Seattle miaka mitano. Je, Seattle wangeweza kumpa ile ofa ya mwaka mmoja ili akiondoka wapate nafasi ya drafti?

---

MzeeWaTakwimu · 20 Novemba 2025

Hapana. Mchezaji aliyehama klabu katikati ya msimu hastahili ofa hiyo, ambayo mwaka huu ni milioni 22.025. Hilo linakata thamani ya mtu wa kukodi pande mbili: aliyemuuza Julai anapoteza fidia ambayo angeipata akikaa naye, kwa hiyo anaiongeza kwenye bei, aliyemnunua hana fidia akimkosa Novemba, kwa hiyo anapaswa kuikata. Arizona kwa Naylor na Suárez walipokea warushaji chipukizi wanne na mchezaji mmoja wa beisi ya kwanza. Kwa wachezaji wawili ambao kila mmoja angeweza kupewa ofa ile na pengine kuikataa, Arizona ndio waliouza kwa bei ya chini.